Kanga wa Mama Nyuma ya Mlango

Mwezi wa kumi na moja uliopita nilipanda basi na binti yangu kwenda Issuna kumpongeza mjomba kwa nyumba mpya. Unayajua mambo ya pongezi: unabeba sukari, unabeba kitenge cha mkewe, na maneno mazuri unayapanga ukiwa njiani. Mjomba alituzungusha vyumba vyote, tukasifu vigae, tukasifu madirisha, kisha akaupiga ukuta kofi kama mtu anayemsifia ng'ombe wake mnadani.

"Huu hausiribwi tena, mpwa wangu. Saruji hii! Mvua inyeshe inavyotaka."

Nikamwambia hongera. Halafu nikamuuliza tembe la bibi lilikuwa upande gani hasa, maana nilikuwa nimepotea kwenye uwanja niliokulia. Akanionyesha kwa kidevu, pale walipomwaga kokoto. Nikaenda nikasimama juu ya kokoto zile, mtu mzima na mkoba wangu begani, na hasira ikanipanda ambayo sikuwa na wa kumpa.

Kama hujawahi kulala ndani ya tembe, rafiki yangu, ngoja nikueleze. Kuta zake ni miti na udongo, na paa lake ni bapa, nalo limefunikwa udongo. Jua la Singida likiwaka la kupasua kichwa, mle ndani kuna giza na ubaridi. Lakini kiangazi hupasua kuta, na mvua ikizikuta na nyufa, zinakwenda. Kwa hiyo kila mwaka, upepo ukipungua na migunga ikianza kuchipua kabla hata ya tone moja kudondoka, wanawake wa kwetu walisiriba nyumba upya, kuta zikapakwa udongo mbichi. Ghalani kulikuwa kumebaki vumbi. Tulikula ugali wa mtama na mlenda mkavu siku nenda rudi, na bado kazi ile ilikuwa sherehe.

Udongo wa mwaka jana ulikwanguliwa kwa jembe lililoisha makali, ukarundikwa uani na kulowekwa pamoja na udongo mpya na samadi. Sisi watoto ndio tuliokuwa wa kukanyaga. Tope lilipenya kati ya vidole, la baridi, likinuka zizi, na tuliimba na kuangushana mpaka bibi atutishe na fimbo ambayo hakuwahi kumpiga nayo mtu. Ukuta ukikauka, unachorwa. Udongo mweupe ulitoka bondeni, mwekundu ulitoka kwenye kichuguu, na weusi ulikuwa masizi ya chungu. Brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha hadi kikawa nyuzi. Na bibi alikuwa na sheria yake moja: kilichochorwa mwaka jana hakirudiwi. "Chora kingine," alikuwa akisema, "kile tumeshakiona." Majirani walikuja kuangalia mwaka huu kumetoka nini, kama watu wengine wanavyokwenda kuangalia mtoto aliyezaliwa.

Mama yangu aliachika akarudi kwao, kwa bibi, akiwa na mimi na ugonjwa. Kiangazi chake cha mwisho alikuwa amekonda, anapumzika kila baada ya mstari, lakini alichora ukuta mzima wa ndani peke yake. Alichora kanga. Nasema ndege, si nguo. Walikuwa wamejipanga kuanzia nyuma ya mlango hadi mafigani, wengine wakidonoa, wengine wameshtuka. Madoa yao hakuyachora kwa kijiti. Aliyabonyeza kwa ncha ya kidole kilichochovywa kwenye udongo mweupe, doa moja moja. Alifariki wakati wa kuvuna mtama, na mimi nilikuwa na miaka minane. Baada ya hapo nilikuwa naweka kidole changu ndani ya yale madoa. Kidole kilienea na nafasi ikabaki.

Sasa fikiria mwezi wa kumi na moja ulipofika na bibi akashika jembe.

Nilijibandika ukutani, mikono nimeitandaza. Nililia hadi sauti ikakata. Bibi alisimama na jembe lake, akanisubiri nichoke.

"Toka hapo, mjukuu wangu. Ukuta umepasuka."

"Usiwafute!"

"Mvua itawafuta vibaya zaidi yangu."

Jirani yetu, mama mmoja mnene aliyekuja kusaidia kazi, akaingilia. "Mama, mwachie mtoto hata mmoja tu. Nyumba haianguki kwa ajili ya ndege mmoja."

Bibi alimtazama, akanitazama na mimi. "Haya. Mmoja. Lakini mtaona."

Akakwangua wengine wote mwenyewe. Hakutaka msaada wa mtu, wala hakugeuka hata mara moja. Niliona mgongo wake tu na viwiko vikienda. Aliyekuwa anafutwa pale alikuwa binti yake, na mpaka leo sijui kama alilia.

Alibaki kanga wa nyuma ya mlango. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji yalipenya pale pale, kwenye kiungo cha udongo wa zamani na mpya, ukuta ukavimba. Asubuhi nikasikia kitu kimeanguka taratibu, kama mtu ameweka chini mzigo. Kanga wangu alikuwa mabonge sakafuni. Nikayaokota yote nikayatia kwenye karai, nikakaa nalo mapajani nikitafuta madoa. Bibi akalichukua lile karai. Hakusema "nilikuambia". Alimimina maji, akakanyaga kwa miguu yake, akaziba pale palipobomoka, na palipokauka akaniwekea kijiti na kibakuli cha udongo mweupe.

"Hapa ni pako. Chora."

Sikuchora. Mwaka uliofuata akapasiriba tena, akaniwekea kijiti. Sikuchora. Ukuta wote ulijaa twiga, mabuyu, nyota, mpaka pikipiki ya mwalimu ilipoingia kijijini nayo ikapanda ukutani na magurudumu yake, na nyuma ya mlango pakabaki patupu. Jirani aliniita mkaidi. Bibi hakuniita kitu, na hakupachora yeye. Ilikuwa hivyo mpaka nilipokwenda shule ya bweni, na baadaye nikaolewa.

Siku hizi nikiwasimulia watu, wananiambia bibi yako alikuwa na hekima, alikufundisha kukubali mabadiliko. Wanaosema hivyo hawakuwa na miaka minane, na hawakukalia lile karai. Ninajua bibi alikuwa sahihi kuhusu ukuta, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nilitaka akosee. Alipofariki hakuna aliyesiriba, na tembe lilianza kuinama kabla mjomba hajalimalizia kwa nyundo. Bondeni tulipochimba udongo mweupe sasa wanachimba mchanga wa kujengea. Nilimuuliza mke wa mjomba kama kuna mtu bado anachora ndani. Akacheka kwa adabu, akasema, "Dada, rangi si zinauzwa dukani?"

Jioni ile binti yangu alinifuata kokotoni. Nilikuwa nimemsimulia habari za ukuta tangu kwenye basi.

"Mama, huyo kanga alikuwaje?"

Nikachukua kijiti, nikachuchumaa pembeni penye vumbi laini ili nimchoree. Nikaanza mgongo. Nikasita kwenye shingo. Alikuwa anatazama mlangoni au mafigani? Alikuwa anadonoa, au ni yule aliyeshtuka? Nilifuta nikaanza tena, nikafuta. Miaka yote ile nilikataa kuchora kingine ili huyu asinitoke, na alikuwa ameshanitoka. Nililia mbele ya mtoto wangu, tena bila kujificha.

Akanipokonya kijiti. Akachora kuku mnene wa ajabu, mwenye miguu mirefu kama ya korongo, kisha akabonyeza madoa kwa kidole chake, moja moja, bila mtu kumwelekeza.

"Alikuwa hivi?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa hivyo hivyo.