Mdogo wangu alikuwa na masters ya sosholojia, ukoo ukamkatalia kazi ya kampuni ya mbegu

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mama wa makamo, niliishia la saba, nauza ndizi sokoni hapa Arusha. Nikikosea kuandika mnivumilie, ila haya yote niliyaona kwa macho yangu.

Kwetu aliyesoma ni mdogo wangu Elibariki tu. Alifika mpaka masters ya sosholojia.

Alipomaliza, mjomba Anaeli, mzee wa kanisa huko kwetu mlimani Meru, akamsimamisha kwenye ibada ya shukrani. "Huyu ndiye mhadhiri wetu!" Watu makofi.

Wakuu, chuo hakikuwa kimemwajiri. Supervisor wake, dokta Wilfred, alimwambia tu asubiri, nafasi yake ipo.

Toka siku hiyo hata watoto wa jirani wakawa "shikamoo mhadhiri".

Baadaye kampuni moja ya mbegu pale Themi ikamtaka. Kazi yenyewe ni kukaa na wakulima, asikilize kwa nini mbegu mpya hawazitaki. Eli alikuwa na kipaji hicho, ukikaa naye kidogo umeshamwambia mpaka ya chumbani. Alikuja kwangu Lemara anacheka, "Dada, kumbe kusikiliza watu kunalipa!"

Mjomba akaitisha kikao cha ukoo.

"Yaani umesoma kote huko ukaulize bibi zako wanapanda nini?"

"Mjomba, ndicho nilichosomea."

"Haya nenda. Jumapili kanisani utapita mlango gani?"

Wilfred naye akamtisha kwenye simu, ukiingia kampuni chuo usahau.

Eli akaikataa kazi.

Akasubiri miaka. Nafasi ya chuo akapewa mwingine, Wilfred akaacha kupokea simu. Eli akaacha kushuka mjini, akaacha kanisa, akabaki na gongo. Ini likaisha. Tulimzika kwenye kahawa za baba.

Msibani mjomba alilia kuliko mimi.

Nilichojifunza, mtu akisomea watu, kazi iko kila penye watu, siyo chuo peke yake. Nyie wenye masters kama hiyo mlioko kwenye makampuni, mashirika, hata utalii, andikeni hapa chini mnafanya nini. Kuna mzazi atasoma, amwache mwanae aende.

Na wewe mjomba Anaeli, wanao wamo humu. Wakusomee yote. Jina lako nimeliandika makusudi.