Meza Inayogeuka Kitanda: Kutoka Ixelles Kuizunguka Australia

Niliondoka Brussels kwa sababu ya sofa. Wenzangu husafiri wakitafuta elimu, hewa safi au mume. Mume ninaye, na hewa ya Ixelles, upande wetu wa mji, nimeizoea. Ila sofa letu, katika nyumba yetu ya ghorofani nyuma ya Chaussée de Wavre, tangu tulinunue sijawahi kujinyoosha juu yake mchana hata mara moja. Daima kuna mtu. Alianza binamu kutoka Uvira, akafuata mchungaji aliyekuja kwenye semina akasahau kurudi, akafuata kijana aliyekuwa akingoja makaratasi ya ukimbizi na kutumalizia sukari. Mume wangu, Baba Neema, ni Mkongomani wa Uvira, na neno "hapana" hakufundishwa. Mimi ni mtu wa Kigoma, nilifundishwa vizuri tu, lakini kila nikitaka kulitumia, mgeni ameshavua viatu.

Basi alipostaafu kazi ya kuendesha tramu, na binti yetu Neema, muuguzi huko Perth, akatuita tukaizunguke Australia, nilikubali kwa sharti moja. Tutalala kwenye hema la watu wawili, mimi na yeye.

"Ukimleta mgeni alale na sisi, hata mmoja," nilimwambia, "narudi Ixelles peke yangu, nauza sofa, na wewe utabaki huko na kangaruu."

Alicheka. Mimi sikucheka, naye akaacha.

Siku ya kuondoka nilipita Galerie d'Ixelles kusukwa. Habari za safari zilikuwa zimefika saluni kabla ya kichwa changu. Msusi wangu, Maman Béa, mwanamke wa Bukavu mwenye mikono mizito na moyo mwepesi, alingoja mpaka amenishika nywele barabara.

"Maman Neema, Australie ni mbali, donc valise yako ni kubwa. Dada yangu iko Brisbane. Ni ndagala tu, kidogo kabisa, na pondu."

"Uwanja wa ndege wa kule wanatupa jalalani hata chungwa, sembuse dagaa na kisamvu," nilimwambia. "Tena tunalala hemani. Hakuna pa kuweka kitu."

"Mu hema?" Mikono ikasimama. "Bantu bazima? Papa Neema banamufukuza kazi?"

Nilitoka pale kichwa kinaniuma na mikono mitupu, nikajiona mshindi. Ufunguo wa nyumba Baba Neema alimwachia Maman Béa, awe anamwagilia ua langu. Ninalo ua moja tu, tena la aina isiyotaka maji. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa na haraka ya ndege.

Perth. Neema alitupokea kwa kilio na gari la kuazima, la magurudumu yote manne. Alilitazama hema letu likiwa limekunjwa sebuleni kwake, akatutazama sisi, magoti yetu hasa.

"Mama, mko serious?"

"Kabisa," nikamjibu.

Pwani ya magharibi, kuelekea kaskazini. Ninyi mnaosoma Kigoma, nitawaambia ukweli: siku zile za hema zilikuwa tamu. Inzi walikuwa wengi kuliko maneno ya shemeji zangu, mgongo ulinigeuka ubao, na kila asubuhi tulitoka hemani kwa magoti na viganja. Lakini tulikuwa wawili. Tuliongea. Niligundua kwamba mume wangu hapendi samaki wa nazi, na kwamba miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akimla ili wageni wasione aibu kumaliza. Nilimkasirikia hadi jua likazama, kisha nikacheka mwenyewe. Sikuwahi kupata nafasi ya kumkasirikia mume wangu bila shahidi.

Carnarvon ni mji wa ndizi na upepo. Ndizi zilitufurahisha mchana, na alfajiri upepo ukaja kuchukua malipo yake. Ulilinyanyua hema letu tukiwa msalani, ukalipeleka juu ya uzio, likaenda zake bila kuaga. Jirani yetu pale kambini, bibi mmoja wa Kizungu aitwaye Margaret, alitukuta tumesimama na kandambili na miswaki. Yeye na mumewe walikuwa wamechoka na barabara, na karavani yao, ile nyumba ya kukokotwa na gari, ilikuwa inauzwa.

Alitutembeza ndani. Jiko, sinki, friji ndogo, kitanda ambacho mtu anakipanda kama binadamu. Mgongo wangu ulikubali kabla sijafungua mdomo. Kisha Margaret akashika meza ya kulia, akavuta chuma fulani chini yake, na meza ikashuka taratibu ikakaa sawa na viti vya pande zote mbili.

"Na hiki," akasema kwa Kiingereza, "ni kitanda cha wageni."

Baba Neema hajui Kiingereza. Hilo neno alilielewa. Nilimwona akiitazama ile meza kama mtu aliyekutana na ndugu yake uhamishoni, nikajua nimekwisha.

"Sharti ni lilelile," nikamwambia.

"Mais bien sûr, Mama Neema. Mbona miye sinasema kitu?"

Tuliinunua. Sasa, huyu ni mtu aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye chombo kisicho na usukani. Tramu inaenda panapo reli. Kurudisha karavani nyuma kulimshinda vibaya. Ukizungusha usukani kulia, karavani inaelekea kushoto, nayo inafanya hivyo kwa makusudi. Kambi nzima ilitoka na vikombe vya chai kututazama. Mimi nilisimama nyuma nikipunga mikono na kupiga kelele za Kiha, na tulipofaulu hatimaye watu walitupigia makofi.

Jioni ileile alifanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya: aliipigia Matonge, mtaa wa Waafrika kule Ixelles, simu ya video. Alimwonyesha Maman Béa jiko, akamwonyesha friji, akaishusha meza na kuipandisha mara mbili. Kesho yake simu haikupumzika. Mkongomani wa Darwin, Mrundi wa Townsville, dada wa Brisbane wa zile ndagala, wote walikuwa wamepata namba yetu. "Mupite kwetu, hein. Minasikia kuko nafasi." Hema lilikuwa linatulinda na sisi hatukujua. Mwenye hema anaonewa huruma, mwenye karavani anaonekana ana nafasi.

Broome, kisha barabara ndefu ya mashariki. Baba Neema aliingia dukani Broome akatoka na magunia ya mchele na unga, viti vya plastiki, na sufuria ya kupikia harusi. "Hatuwezi kufika kwa bantu mikono mitupu," alisema. Akavipanga vyote nyuma kabisa ya karavani, vikabana hadi dirishani, maana kwao mzigo hukaa nyuma na watu mbele, na ndivyo magari yote ya Uvira yanavyoondoka stendi.

Mbele ya safari tulipishana na lori lenye matela matatu. Upepo wake ulitusukuma, na karavani ikaanza kutikisa mkia. Kidogo, kisha zaidi, kisha ikawa inalivuta gari huku na huku. Nilisali kwa lugha zote ninazozijua. Baba Neema aliachia mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, na tukasimama tumepindapinda ukingoni, kwenye vumbi jekundu, wazima.

Dereva mmoja aliyesimama kutuangalia alifungua mlango wa karavani, akacheka kwa uchungu. "Nani amepanga hivi? Uzito unakaa juu ya magurudumu na mbele yake. Nyuma mnajiua."

Alipoondoka, tulishusha magunia, nikaketi juu ya la unga pale ukingoni nikaanza kugomba, maana nikiogopa huwa nagomba.

"Ungetuua kwa ajili ya wageni ambao hata hatujawaona! Mimi ni nani kwako? Miaka yote hii, mimi ni mpishi wa sofa?"

Alikaa kwenye gunia la pili.

"Kwenu Kigoma," akasema, "miye nililala wapi?"

Alilala kwenye mkeka sebuleni kwa baba yangu, kati ya baiskeli na cherehani. Alikuwa amevuka ziwa na shati alilovaa. Mimi nilikuwa msichana, na nilikasirika kwa sababu cherehani ilikuwa yangu na sasa singeweza kushona asubuhi.

"Papa yako hakuniuliza jina. Hakuniuliza kama niko mwizi. Alisema tu, 'Umekula?'" Alifuta vumbi usoni. "Bon. Nilikuahidi. Sitakubali tena muntu. Tupange mizigo."

Tukapanga upya, kila kizito mbele. Tukaendelea hadi Kununurra.

Darwin. Tulifikia kwa Papa Gervais, yule Mkongomani wa simuni, na mkewe Furaha, watu wa Kivu, waliotulisha ugali na samaki hadi nikafungua kitufe cha sketi. Mchele wetu waliupokea na sufuria ya harusi wakaipenda. Karavani ikawa nyepesi, nami nikawa na amani. Ndipo mama yake Furaha akatoka chumbani, akiwa amevaa koti tayari, na mfuko begani. Walimwita Koko Mapendo, yaani bibi, na umri wake hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Mujukuu wangu amezaa Mount Isa," alisema. "Ndege, non. Ile ya kunitoa mu kambi ya wakimbizi ilinitosha. Na basi haisimami kila saa nikitaka kukojoa. Nyinyi mutasimama."

Wote walimtazama Baba Neema. Mimi nilitazama sahani.

"Koko," akasema, na sauti ilimtoka nyembamba, "nafasi hakuna. Ni shauri ya uzito. Karavani inakataa."

"Uzito?" Koko Mapendo alijitazama kuanzia koti hadi viatu. "Mimi huyu?"

"Nafasi hakuna, Koko. Pardon."

Miaka yote nilikuwa nangoja neno lile. Nililingoja nikifua mashuka ya mchungaji, nililingoja nikinunua sukari. Sasa limetoka, tena kwa ajili yangu, na nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia pale ukingoni mwa barabara. Koko hakukasirika. Alianza kuvua koti, mkono mmoja kwanza, taratibu, kama mtu ambaye ameshavua koti namna hiyo kwenye milango mingi. Nikauona mlango wetu wa Kigoma. Nikamwona baba yangu akisema hakuna nafasi, kwa sababu binti yake anataka kushona.

"Rudisha hilo koti mabegani, Koko," nikasema. "Unakojoa kila baada ya muda gani?"

Barabara ya Mount Isa. Tulisimama kwenye kila kichaka. Koko Mapendo alikaa kiti cha nyuma akimfundisha Baba Neema kuendesha, na jioni akalala kwenye meza akikoroma hadi vijiko vinagongana kabatini. Alinipikia maharage. Aliniambia mume wangu ni mzuri lakini ananenepa. Tulipomshusha kwa mjukuu wake nililia, na nilijichukia kwa kulia, maana Baba Neema aliniona.

Townsville, Brisbane, kisha kusini na kuirudia Perth njia ndefu. Ile meza haikupumzika, na sikumbuki majina ya wote. Karavani tumeiacha uani kwa Neema. Nasikia kuna mtu anaishi ndani.

Nilichojifunza kuhusu karavani ni hiki: nunua, mgongo utakushukuru, na vizito weka mbele. Kuhusu upweke wa watu wawili, nilijifunza kwamba ni mtamu sana kwa kiasi chake, na nitaudai tena, kila mwaka, kwenye hema, simu ikiwa imezimwa. Hilo nimemwambia na amekubali.

Brussels. Tulipanda ngazi kwa shida. Baba Neema alifungua mlango, akasimama palepale, hakuingia. Nilichungulia chini ya kwapa lake. Ua langu lilikuwa limekufa kwa maji. Kwenye sofa alikuwa amelala kijana nisiyemjua, viatu vimepangwa vizuri chini, koti langu la baridi limemfunika.

"Ni Maman Béa," mume wangu akaanza, "alisema ni ya siku mbili tu, miye nilimwambia—"

Kijana aliamka, akaketi upesi, akatafuta viatu kwa miguu bila kuondoa macho kwangu. Baba Neema hakusogea. Alikuwa amebeba masanduku yote mawili, langu na lake, akingoja asikie ni lipi linarudi nje.

"Umekula?" nikamwuliza yule kijana.

Nyuma yangu nikasikia masanduku yakiwekwa chini.