Kaunta ya Kadi

Gaudensia alikuwa na mwaka wa nne kwenye kaunta ya uanachama ya duka moja la jumla, mbele kidogo ya Tottenham, jijini London, la aina ile ambayo huingii bila kadi. Watu wengi waliamini duka linaishi kwa magunia ya mchele na madumu ya mafuta yanayotolewa pale kwa matroli. Yeye alijua sivyo. Meneja wao, Gurdial, aliwaeleza wazi kwenye kikao cha Januari.

"Mchele tunauza karibu na bei tuliyonunulia. Faida inatoka kwenye ada ya kadi. Mtu anaweza asikanyage hapa mwaka mzima, lakini akilipa ada, ametulisha."

Kisha akasema wanachama wamepungua, na hali ikiendelea hivyo, Aprili kaunta itabaki na watu wawili. Walikuwa watatu. Sachin alikuwepo tangu duka lifunguliwe, hakuna ambaye angemgusa. Kwa hiyo ilikuwa ama Gaudensia wa Bukoba, ama Rajab wa Tanga, aliyekuwa na mke mjamzito kule Ilford.

Nyuma ya fomu ya kujiunga kulikuwa na mstari wa maandishi madogo: mwanachama asiyeridhika anaweza kudai ada yake ya mwaka irudishwe. Gurdial hakuwaambia waufiche. Alisema tu, "Anayeuliza, mjibuni. Asiyeuliza, msimfundishe."

Jumamosi moja ya Februari akaja Jedidah, Mama Tevin kwa waliomzoea, akitembelea mkongojo. Alikuwa Mkenya aliyepikia harusi na misiba ya nusu ya kanisa lake, na zamani alijaza matroli mawili kila wiki. Tangu aanguke kwenye ngazi mwaka uliopita hakuwa amempikia mtu yeyote.

"Gaude, nimeona benki wamenikata pesa ya kadi," alisema. "Na mimi sijakuja huku tangu nianguke. Hiyo ni sawa kweli?"

Gurdial, asiyejua Kiswahili, alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya Gaudensia, akitazama kioo cha kompyuta ya Gaudensia.

"Inakatwa yenyewe, Mama Tevin. Ulisaini hivyo."

"Haya basi. Kama nilisaini, nitafanya nini." Jedidah akaanza kugeuka taratibu, mkongojo ukitangulia.

Kwenye dirisha la pili, Rajab aliacha kuchapa.

"Mama Tevin, subiri kidogo. Mguu unaendeleaje?"

"Bado tu."

"Pole sana. Sasa nisikilize. Sema kwa Kiingereza kwamba hujaridhika na uanachama, unataka ada yako yote ya mwaka huu. Sema hivyo hivyo."

Jedidah alimtazama, akamtazama Gurdial aliyesimama nyuma ya Gaudensia, akaelewa. Aliyasema neno kwa neno, kwa sauti ya mama aliyezoea kubishana na wauza nyama. Gaudensia akachapa, mashine ikatoa risiti ya marejesho, na Jedidah akaondoka bila kumshukuru, kwa makusudi, asije akamponza.

Gurdial alisubiri mpaka Jedidah alipofika mlangoni.

"Yule mama hakujua. Umemwambia nini?"

Kabla Gaudensia hajajibu, Gurdial akamgeukia Rajab. "Wewe unaelewa lugha yao. Alimwambia nini?"

Rajab alitazama kibodi. Neno moja tu, na nafasi ya Aprili ingekuwa yake.

"Alimuuliza habari ya mguu," alisema Rajab. "Yule mama alianguka."

"Hivyo tu?"

"Ndivyo nilivyosikia."

Gurdial akamwita Gaudensia ofisini, akafunga mlango. Meneja alipokuwa akivuta kiti, Gaudensia alipiga hesabu ya haraka. Akikana, huenda kesho meneja atampata mtu mwingine aliyesikia, amtafsirie. Akikiri, Rajab anaonekana mwongo.

"Nilimuuliza mguu kwanza," alisema. "Halafu nikamwambia kilichoandikwa nyuma ya fomu. Kwa sauti ya chini. Rajab hakuwa na namna ya kuyasikia yote."

Gurdial hakuonekana kuwa na hasira, bali alionekana amechoka. "Na mimi nina mtu juu yangu anayehesabu kadi," alisema.

Hakumfukuza. Alimwandikia barua ya onyo, na wiki iliyofuata akamhamishia mlangoni, kukagua risiti za wanaotoka na matroli, penye baridi, kwa saa pungufu. Aprili ilipofika, kaunta ilikuwa tayari na watu wawili.

Rajab alimpita mlangoni karibu mwezi mzima akimsalimia kwa kichwa tu. Kisha siku moja, saa ya chakula, alikuja akasimama kando yake.

"Dada Gaude, siku ile uliniweka pabaya."

"Najua. Sikupata nafasi ya kukuuliza."

"Ungeniuliza ningekwambia uache." Alinyamaza mtu mmoja alipopita na katoni za maziwa, Gaudensia akaipiga mstari risiti yake. "Jana alikuja mzee mmoja, hajatumia kadi miaka miwili."

"Ukamwambia?"

Rajab alitazama kuelekea kaunta, ambako Gurdial alikuwa akizungumza na Sachin.

"Nilimgeuzia fomu," alisema, "nikamwachia asome mwenyewe."