Safari ya Theluji ya Baba Jackline

Pale Kihesa, Iringa, ukiuliza Sifaeli anakaa wapi, watakuzungusha mpaka uchoke. Uliza Baba Jackline, yule fundi seremala, utapelekwa mpaka mlangoni. Miaka kumi na sita mtaa mzima unamwita hivyo, na sisi watu wazima tuliojua kwamba Jackline ni mtoto wa marehemu kaka yake, Liberatus, tulifunga midomo. Alimchukua ana miezi minane, wazazi wote wawili wamezikwa. Hakuoa. Alimbeba mgongoni kwa kitenge huku anapiga randa, na wanaume wenzake wakamcheka weee mpaka wakachoka wenyewe.

Sasa mwaka jana ikaja barua kutoka Slovakia, kwa Wazungu wa usharika rafiki, wale aliowatengenezea madirisha ya zahanati. Wanamwalika yeye na binti yake, Februari, wakajifunze kuteleza kwenye theluji. Waliandika kwamba mlima wao hauna jina, watalii hawaujui, lakini theluji inafika kiunoni. Nauli juu yao. Jackline ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Alilia kwa furaha.

Mimi nauza mitumba. Nikafungua belo nililoletewa kutoka soko la Mwanjelwa, nikawachagulia majaketi mawili mazito.

"Mama Saulo," Jackline akaniambia, "huko nitamshika baba mkono, maana huyu ataanguka tu."

"Nianguke mimi? Matope ya Mufindi yote nimeyapita!" Sifaeli akajibu. Tulicheka sana siku hiyo.

Kwenye fomu ya pasipoti ya mtoto, penye jina la baba, Sifaeli akaandika Sifaeli. Wala hakusita. Mtoto wa kaka yako ni mwanao, nani asiyejua? Lakini cheti cha kuzaliwa, alichokificha miaka yote chini ya sanduku la nguo, kiliandikwa Liberatus. Afisa wa uhamiaji akaviweka pamoja.

"Mzee, hapa umedanganya."

"Sijadanganya. Mtoto wa kaka yangu ni wangu."

"Kiukoo, sawa. Kwenye karatasi wewe ni mlezi. Nenda kwa wakili ukaape, na mtoto awepo."

Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu ya nguo, uso umemshuka. "Mama Saulo, nitamwambiaje?"

Na mimi, mdomo wangu huu! Nikamwambia, "Usimharibie furaha yake. Mkirudi ndipo umwambie. Kwa wakili ni kusaini tu, hatajua." Nilimwonea huruma, Mungu anisamehe. Najuta mpaka leo.

Nilikwenda nao kama shahidi. Kumbe wakili yule hagongi muhuri kabla hajasoma kwa sauti. Akasafisha koo. "Mimi, Sifaeli, naapa kwamba Jackline si mtoto wangu wa kumzaa. Baba yake mzazi, Liberatus, alifariki Igowole, Mufindi..." Nikatamani ardhi inimeze. Jackline alimtazama Sifaeli, akingoja amkatize yule wakili. Sifaeli akashika kalamu, akasaini.

Jioni, nikiwa bado kwao, Jackline alipika ugali kama kawaida. Akatuletea maji ya kunawa, akapiga magoti.

"Kaburi lake liko Igowole?" akauliza.

"Ndiyo, mama," Sifaeli akajibu.

"Huko huko unakoendaga kununua mbao kila mwaka?"

Sifaeli akainamisha kichwa. Mbao alikuwa ananunua, ndiyo, lakini kwanza alikuwa akipita kulifyeka kaburi la kaka yake. Mtoto alimwacha kwangu kila safari, asije akasoma jina msalabani.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Niliogopa utaacha kuwa wangu."

Jackline akamalizia kutumiminia maji mikononi.

"Basi Februari nipeleke Igowole," akasema. "Kwenye theluji nenda mwenyewe, baba mdogo."

Hakukosa adabu. Ndivyo mdogo wa baba anavyoitwa, Iringa nzima. Ila katika nyumba ile neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa, na Sifaeli alilipokea kama mtu aliyepigwa kofi.

"Sawa, mwanangu," akajibu.

Jackline akachukua beseni la maji, akatoka nje.