Munkoyo Uliolala

Kamina haina ziwa la kuogelea wala tembo wa kupigwa picha. Msimu wake wa wageni ni mmoja tu, wakati wa kiangazi, Wametodisti wanapofanya konferensi yao ya mwaka. Hapo wajumbe hushuka kwenye treni kutoka Kabongo na Kabalo, koo zimekauka kwa vumbi, na kila mwanamke mwenye sufuria hugeuka mfanyabiashara.

Clotilde alikuwa na masufuria mawili na hofu nyingi. Alipika munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi. Siku ya kwanza munkoyo ni mtamu na mpole, hata mtoto hupewa. Ukilala siku mbili tatu unageuka pombe, na pombe kwa Wametodisti ni mwiko. Mumewe Noé alikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu miaka ile ya vita ulikuwa hadithi ya kubembelezea watoto. Nyumba ilikula kilichotoka kwenye masufuria yale. Konferensi ikiharibika, hakukuwa na mavuno mengine.

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliosema hivyo hawakuwahi kuuza kitu mbele ya stesheni ya Kamina, wanawake wamebanana na ndoo zao. Clotilde alijitembeza bila aibu. Noé alimwandikia kwenye bati, kwa mwandiko wake wa ubaoni: CHEZ MAMAN CLOTILDE, MUNKOYO MUTAMU, HAILEWISHE. Jumapili alisimama kanisani wakati wa matangazo, akaahidi mbele ya akina mama wote kwamba treni ya Jumanne ikifika, kila mjumbe atapata kwake kikombe cha kwanza bure. Jumatatu akapika unga wote uliokuwa ndani.

Jumanne treni haikuja. Kichwa chake kilikuwa kimechukuliwa kubeba silaha kaskazini, ambako vita vilikuwa vinasogea. Pale stesheni palijaa askari waliongoja zamu yao ya kupelekwa huko, wamelala juu ya mizigo, macho mekundu. Ukimuuliza mtu wa relwe treni itafika lini, alikuangalia kama umemtukana.

Jumatano alfajiri Clotilde alionja munkoyo wake. Uchachu kidogo. Akaonja tena mchana, akaonja jioni. Alhamisi ulimchoma ulimi, naye akaonja tena ili ahakikishe, kisha akaonja ili ahakikishe alichohakikisha. Mwishowe kichwa kilikuwa chepesi, asijue kama ni kinywaji au ni woga. Maskini, mwanamke ambaye hajawahi kugusa pombe, sasa alikuwa anayumba jikoni kwake kwa ajili ya kuilinda heshima ya kanisa.

Akamwita jirani yake Aisha, muuza chai, ambaye wazee wake walitoka Maniema.

"Mama Yassini, onja. Uniambie kama imegeuka."

"Weye! Minyi niko muislamu, unataka nionje pombe?"

"Haiko pombe!"

"Kama haiko pombe, sababu gani unaogopa?"

Clotilde alirudi jikoni. Akiumwaga, atawapokea wageni na nini? Akiuza, na mchungaji akapepesuka mbele ya watu, jina lake limekwisha Kamina nzima. Basi akafanya kile wafanyacho wenye hofu: hakufanya lolote, akakaa anaangalia masufuria. Ndipo treni ikapiga honi.

Mji wote ulikimbia. Clotilde naye alijikuta anakimbia na ndoo ya munkoyo kichwani, Noé nyuma yake na bati. Wajumbe walishuka wamechanganyika na watu waliokimbia vijiji vyao, wamebeba magodoro na kuku. Wa kwanza kuliona bati alikuwa mzee Timothée, mchungaji wa Kabongo. Alilisoma polepole, akatabasamu, akachota mwenyewe. Kikombe kilifika midomoni.

"Hapana, Baba Pasta!" Clotilde alipiga kelele ambayo hakujua anayo. "Imelala! Inalewisha!"

Akina mama wa kanisa wakageuka. Clotilde alitamani ardhi imfunike. Lakini tangazo, hata la kujiaibisha, ni tangazo, na lilikuwa limefika hadi kule kwenye mizigo.

"Mama, yenye inalewisha njo yetu!" alisema askari mmoja mrefu, kitambaa cha kijani shingoni. Wenzake wakamfuata. Kabla Clotilde hajajua aseme nini, ndoo ilikuwa tupu, na askari walikuwa wanaimba chini ya bati lililosema hailewishe.

Mzee Timothée alirudisha kikombe chake. "Mama, pika mupya. Kesho nitakuja kunywa kwako, bantu bote baone."

Jioni ile Aisha alileta unga. "Pika," alisema. "Na leo usionje."

Mchungaji alitimiza neno. Alikunywa hadharani, na akina mama wakaja nyuma yake. Biashara ikawa nzuri, lakini Clotilde hakuifurahia, kwa sababu askari pia walirudi kila jioni.

"Mama, tuachie ile ya kulala."

"Kesho, baba. Kesho."

Aliwadanganya kwa woga. Wakianza kunywa pale, kwake patakuwa baa, na kanisa litamkimbia. Kwa hiyo kila siku wajumbe waliporudi kwenye mkutano wao, alimwaga kilichobaki nyuma ya nyumba, kisipate nafasi ya kumpendeza mtu yeyote.

Siku ya mwisho ya konferensi alikuwa ameinua sufuria kutoka chini aliposikia hodi. Ni yule mrefu wa kitambaa, peke yake, mzigo mgongoni.

"Mama, treni yetu inaenda sasa. Tunaenda ku vita. Unipatie ata kikombe moya. Ata ile mutamu."

Clotilde alisimama na sufuria tupu. Povu lilikuwa bado juu ya udongo. Askari aliliangalia, akamwangalia yeye, akaelewa.

"Hakuna neno, mama."

Akaondoka. Clotilde alikimbia kwa Aisha, akanyakua kikombe cha chai, akaenda nacho mbio mpaka stesheni, kikimwagikia mkononi. Mabehewa yalikuwa yanatembea. Alitafuta kitambaa cha kijani dirisha kwa dirisha mpaka behewa la mwisho, asikione.

Tangu siku ile hakumwaga tena kikombe cha mwisho. Alikifunika na kukiweka kwenye kona ya jikoni, kikalala hapo mpaka kikawa pombe kabisa, ndani ya nyumba ya Mmetodisti. Noé aliisikia harufu, na hakuuliza ni cha nani.