Kisanduku Kisichokubali Kubaki Kitupu

Mwaka ule kampuni yetu iliponenepa, mimi nilikonda. Sisemi kwa mafumbo. Sketi mbili nilizoshonesha mwezi wa kwanza nilizirudisha kwa fundi zipunguzwe kiuno, na fundi, mtu wa maneno mengi, akaniuliza kama nimeachwa. Nikamwambia nimepandishwa cheo.

Na ilikuwa kweli. Kampuni ilikuwa na vyumba vitano vya kupanga mjini Morogoro, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulitengeneza mfumo wa taarifa za wagonjwa: badala ya muuguzi kuandika kwenye rejista ya karatasi, anaandika kwenye kishikwambi, na taarifa zinatufikia siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa mkufunzi, yaani mtu wa kupanda pikipiki na kwenda kuwafundisha wauguzi. Mapokezi palikuwa na ramani kubwa ya mkoa iliyochomwa pini: za kijani kwa vituo vinavyotuma taarifa kwa wakati, nyekundu kwa vinavyochelewa. Mwanzoni mwa mwaka zilihesabika kwa vidole. Mahindi yalipovunwa zilikuwa zimeshafika Dumila, zikapanda na barabara ya Dodoma hadi Gairo, na bosi wetu akipita asubuhi alikuwa akizigusagusa kama mtu anayekagua miche yake.

Ile sheria ya visanduku niliileta mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwenye rejista za karatasi wauguzi walikuwa wakiacha nafasi: hapa hakuna umri, pale hakuna uzito. Nikasema kwenye kikao kwamba mfumo ukatae. Kisanduku kikiachwa kitupu kiwe chekundu, na muuguzi asiweze kwenda mbele mpaka akijaze. Bosi alipiga meza kwa furaha. Baada ya mwezi tulishonewa fulana zilizoandikwa mgongoni "Hakuna kisanduku kitupu", nami yangu niliivaa hadi sokoni.

Basi nikakipeleka kishikwambi kwa mama mdogo.

Kwetu Uluguruni dada wa mama ni mama, na huyu ndiye aliyenilea tangu naanza shule. Alikuwa muuguzi pekee wa zahanati moja milimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki, kisha kwa miguu katikati ya migomba na mashamba ya maharage. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na kitu astaafu. Nilipomkabidhi kishikwambi alikigeuzageuza, akakiinamisha huku na huku, halafu akakilaza mezani kifudifudi.

"Kinang'aa mno," akasema.

"Mwanga unapunguzwa, mama mdogo. Ngoja nikuoneshe."

"Hata ukipunguza."

Alisubiri hadi mgonjwa wa mwisho akaondoka ndipo akanieleza. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali mjini walishamwita afanyiwe upasuaji, akaahirisha, akaahirisha tena. Akienda, zahanati atamwachia nani? Na wakubwa wakijua haoni vizuri watamwondoa kabla ya siku zake, baada ya miaka yote ile. Hayo ndiyo maneno aliyoyatoa. Nyuma yake kulikuwa na woga wa kisu jichoni, ila huo hakuutaja, nami sikuutaja.

Alikuwa na njia zake. Rejista aliandika kwa maka peni nyeusi, herufi kubwa, mgonjwa mmoja akimaliza mistari minne. Watoto aliwapima kwa mizani ya zamani ya kuning'iniza, yenye uso mpana kama sahani, akiusogelea mshale hadi pua inakaribia kuugusa. Hivyo vyote aliviona. Kishikwambi ndicho kilichomshinda, kwa kuwa mwanga wake ulimjaa machoni akabaki haoni chochote.

"Nitakusomea kwa simu," akaniambia, "wewe uandike. Leo tu."

Leo tu ikawa kila siku. Saa tisa alasiri, kliniki ikiisha, alipanda juu ya jiwe lililo nyuma ya zahanati, mahali pekee penye mtandao, akanipigia. Mimi nikaondoka mezani kwangu, nikajifungia stoo katikati ya maboksi matupu ya vishikwambi, nikaingia kwenye mfumo kwa kishikwambi changu na nywila yake. "Andika," alianza, bila salamu, kama mwalimu wa imla. Nilikuja kuwajua wagonjwa wake bila kuwaona sura. Kulikuwa na mzee wa presha ambaye hamalizi dawa. Kulikuwa na mtoto wa kike wa ng'ambo ya mto, ambaye uzito wake ulipanda kidogo mwezi huu na kushuka kidogo mwezi ujao.

"Huyu tumwangalie," mama mdogo alisema. "Akishuka tena anateremka hospitali, mama yake apende asipende."

Kazini walidhani naumwa tumbo, kwa jinsi nilivyokuwa nikitoweka kila alasiri. Mhasibu aliniletea tangawizi. Niliinywa yote, nikamshukuru, nikajiona mwizi.

Zahanati ile ikawa kijani. Haikuwahi kuchelewa hata siku moja, haikuwahi kuacha nafasi, haikuwahi kukosea tarehe. Ningekoseaje, wakati mfumo nilikuwa naufundisha mimi? Bosi akaanza kusimama mbele ya pini hiyo na wageni wake. "Hapa barabara hakuna," aliwaambia, "umeme hakuna, muuguzi ni mama wa makamo anayekaribia kustaafu. Mwone." Laiti angekuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemdanganya kwa raha. Lakini alikuwa mtu wa kuuliza habari za watoto wa walinzi, na wageni walipoondoka alirudi mbele ya pini ile peke yake akatabasamu. Kwa pini ile tulipata vituo vingine, na vituo vile vikaleta vingine, na kila kimoja kilipoongezeka nilihisi kama mtu ananifungia kitasa kwa nje.

Gairo wauguzi walilalamika. Rejista wanajaza, kishikwambi wanajaza, na foleni haipungui. Nikatumwa kuwatia moyo, na cha kuwaambia nilikuwa nacho tayari: kuna mama huko milimani, peke yake, na anaweza. Muuguzi mmoja, mwanamke mwenye usingizi machoni, akaniangalia kwa muda.

"Huyo mama hana wagonjwa?" akauliza.

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Sijawahi kuona aibu kama ile, na hapakuwa na mtu pale wa kumwonyesha.

Mwishoni mwa mwaka ikaandaliwa sherehe ya mafanikio. Ukumbi, wageni, picha. Na mama mdogo angeshuka kutoka milimani, apande jukwaani, asajili mgonjwa wa mfano mbele ya watu wote. Niliposikia nilipiga moyo konde nikaenda ofisini kwa bosi nimweleze kila kitu. Nilishaketi. Nilishasema, "Kuna jambo." Akainua mkono akasema hata yeye ana jambo, akanipa barua ya kupandishwa cheo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniambia, "Umetuletea mama yako mwenyewe." Nilitoka mle nimebeba barua na boksi la fulana mpya za kugawa.

Mama mdogo alikuja siku tatu kabla, akalala kwangu. Nilidhani atagoma. Hakugoma. Utotoni alihifadhi sura za Kurani chuoni kwa kusikia tu, kabla ya kujua herufi, na hivyo ndivyo alivyokihifadhi kishikwambi. Nilimshika kidole nikamwonyesha: hapa jina, vidole viwili chini umri, kulia kabisa uzito, bonyeza. Alirudia akiwa amefumba macho, maana yakiwa wazi mwanga ulimsumbua zaidi. Baada ya alasiri mbili alikuwa hakosei. Mimi nilitamani akosee, na nasema wazi, nilimwombea akosee.

Alisimama jukwaani na ushungi mweupe, akageuza uso kwenye kishikwambi kama anakisoma, vidole vikaenda. Kwenye pazia kubwa nyuma yake visanduku vilijaa kimoja baada ya kingine, kijani, kijani, kijani. Ukumbi ulisimama. Wanawake walipiga vigelegele. Nilipiga makofi hadi viganja vikaniwasha, maana mhasibu alikuwa pembeni yangu na asingeelewa kama ningeacha.

Kisha ikaja zawadi. Bosi alifungua kitambaa mwenyewe: mizani mpya ya watoto, bapa, ya kisasa, yenye tarakimu zinazowaka. Ile ya zamani, alisema, tutaining'iniza mapokezi kwetu iwe kumbukumbu ya tulikotoka. Mama mdogo, aliyekwisha kurudi kuketi kando yangu, aliushika mkono wangu chini ya meza.

"Tarakimu zake zinawaka?" akaninong'oneza.

"Ndiyo."

Alimaliza soda yake taratibu, na wiki iliyofuata mimi ndiye niliyetumwa kupeleka mizani mpya. Nikaifungua ile ya kuning'iniza kutoka kwenye boriti, nikateremka nayo mgongoni. Ilikuwa ikinigonga uti wa mgongo kila jiwe nililokanyaga.

Siku za mwanzo alinisomea uzito haraka haraka, nami nikaandika bila kuuliza. Nilijua. Mtu asiseme sikujua. Kilo ya mtoto huyu na ya yule zilikuwa zikitoka kichwani mwake na mkononi mwake, na mimi nikizipokea kwa kidole kimoja, na pini ikabaki kijani.

Halafu alasiri moja akasema, "Andika," akanyamaza.

"Nipo, mama mdogo."

"Ni yule wa ng'ambo ya mto."

Nikajaza jina. Nikajaza umri. Kisanduku cha uzito kikabaki kinasubiri.

"Mkono wangu unasema kapungua," akasema. "Lakini nilimbeba na nguo, na mkono si mizani. Nilikiinamia kile kidude hadi mama yake akanishangaa. Niliona mwanga tu. Nikaona haya kumwambia anisomee, nikamruhusu aende." Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu. "Tuseme kilo ngapi?"

Uzito wa mwezi uliopita ulikuwa mbele yangu. Ningeongeza kidogo, kisanduku kingekuwa kijani na mtoto angebaki nyumbani. Ningepunguza kidogo, angeteremshwa hospitali, pengine bure. Vyovyote vile, mwenye kuamua nilikuwa mimi, mtu aliyeketi juu ya boksi mjini, ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo hata siku moja. Nikabonyeza kwenda mbele bila kujaza, kwa ukaidi tu. Kisanduku kikawa chekundu. Nikabonyeza tena. Kikakataa tena, kama nilivyotaka kikatae siku ile kwenye kikao.

"Mama mdogo," nikasema, "nikimpa bosi hii simu, utanichukia?"

Nilisikia kandambili zake zikikwaruza jiwe, kama anageukia upande wa mto.

"Hawajavuka mto," akasema. "Wanakwenda polepole, mama yake ana mzigo."

Nikafungua mlango wa stoo. Nilipita mapokezi, chini ya ile mizani yake iliyoning'inia karibu na ramani, mshale wake umelala kwenye sifuri. Nikaingia kwa bosi bila kubisha hodi, nikaweka kishikwambi mezani pake, na simu juu yake, nikabonyeza spika.

"Ni mama mdogo wangu," nikamwambia. "Wa zahanati."

Uso wake ulichangamka. Akainamia simu.

"Shikamoo mama! Hongera kwa kazi."

"Marahaba, baba," ikaja sauti yake, na lafudhi ya milimani aliyoificha jukwaani. "Nakuuliza. Yule mtoto wa leo ana kilo ngapi?"

Bosi akanitazama, bado anatabasamu, akingoja nimsaidie. Sikumsaidia.

"Sijui, mama," akasema.

"Na mimi sijui. Nimempima kwa mizani yako na sikuona. Kishikwambi chako sijakiona tangu siku ya kwanza, anayeandika ni mwanangu." Akavuta pumzi. "Nampigia jirani yake amrudishe. Wewe, baba, nitumie mtu anayeona."