Kigingi cha Kituo cha Tatu

Mama huyu wanamwita Mama Futi, na kweli futi haimtoki mkononi. Mwaka wa kumi na tisa huu anaupima mto kwa ajili ya idara ya maji: upana kwa kamba, kina kwa fimbo yenye alama, mwendo kwa chungwa linaloelea mita kumi huku akiitazama saa. Kuogelea hajui. Ndiyo maana kila kituo huanza kwa kuchomeka kigingi pale maji yanapoishia, moyo utulie.

Siku hiyo alikuwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa maneno mengi. Kituo cha kwanza, huko milimani, mto ni wa hatua nne, mawe yana ncha, maji ya kifundoni. Walipokuwa wakimaliza, maji yakageuka rangi ya udongo.

“Unatibua, shemeji,” Mama Futi akasema, akaandika: *Tope, miguu yetu.*

Saa nane mchana walifika kituo cha tatu, bondeni. Hapo mto ni mita thelathini, mawe yamekuwa changarawe, uso umetulia kama shuka iliyotandikwa. Mgeni atadhani maji yamelala. Kumbe yanakimbia kuliko kule juu, ila hayapigi kelele.

Shemeji akaingia na fimbo, kamba kiunoni. “Mapajani. Andika pia mpimaji ana sura nzuri.”

Mama Futi akainama kuandika. Alipoinua macho, kigingi hakipo. Akatazama vizuri: kipo, kimesimama wima vilevile, chini ya maji.

Tope la asubuhi halikuwa la miguu ya mtu. Mvua ilinyesha juu zaidi milimani, na maji yake yamewafuata njia nzima yakizoa vijito.

Akipiga kelele, shemeji atageuka ghafla ateleze. Kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi akasema, “Shemeji, rudi. Kwa ubavu, kama kaa.”

“Nusu bado sijafika.”

“Rudi.”

Maji yakampanda kiunoni, yakampanda kifuani. Utani ukamwisha. Mama Futi akajizungushia kamba mgongoni, akavuta, akihesabu mita kwa sauti. Tano. Nne. Fimbo ikachukuliwa. Mbili. Akamdaka ukosi wa shati.

Walikaa kwenye nyasi.

“Kina umeandika ngapi?” shemeji akauliza.

Mama Futi akafungua ukurasa wa kituo cha kwanza, akakata maneno mawili: *miguu yetu*.